Kilichotaka kuvunja atelier yetu ya Baraka hakikuwa kitenge

Wakuu, mchana mwema kwenu. Niko mjini Baraka, huku Kongo, nina atelier ya kushona karibu na soko. Haya yametokea mbele ya macho yangu, sijatia chumvi.

Tuko wanawake watatu. Mimi ndiye mwenye mashine. Mama Ester ni mwenyeji wa hapa, mdomo wake hauna breki. Chantal ni Mrundi, anaishi kambi ya wakimbizi ya Lusenda, na kwa kukata kitambaa sijaona wa kumfikia.

Kwaya moja ilituletea vitenge vya sare za harusi ya Jumamosi.

Vitenge vya ndege. Wanaoshona wanajua, kitenge cha namna hiyo kina juu na chini. Chantal akakata sketi moja, ndege wakatoka kichwa chini. Hakuna fundi ambaye hayajamkuta.

Shida ni kwamba wamama wa kwaya walikuwa palepale wakipimwa. Ester akainua ile sketi: "Bamama, muangalie! Kwabo Burundi ndege banarukaka kichwa chini!"

Wamama walicheka mpaka machozi. Chantal naye akatabasamu, akakunja tepu yake ya kupimia, akaaga kwa adabu.

Hapo roho yangu ikashtuka. Angegomba ningetulia, maana anayegomba bado anataka kubaki.

Kesho yake hakuja. Ester akaniambia, "Atarudia tu, ilikuwa michezo."

Mimi nikapanda pikipiki mpaka Lusenda.

Nilimkuta anachambua maharage mlangoni. Hakunificha. "Mama, kosa niliiona mi mwenyewe. Angeniita pembeni, tungecheka sisi bawili. Sasa bale bamama bakiniona, ni ile jupe ya ndege batakumbuka. Mi sirudie kule tena."

Wakuu, niliogopa. Bila yeye sare zisingeisha, na hapa kwetu ukiharibu kwa kwaya moja, zote zimeshasikia. Tena yule dada nampenda. Kumpoteza kwa sababu ya kicheko kuliniuma sana.

Nikamwomba aje mara moja tu, asikilize, halafu aamue. Akakubali shingo upande.

Nilipomweleza Ester, alitaka kuomba msamaha kwa simu. Nikakataa katakata! Umemwaibisha mtu mbele ya watu, halafu unamtuliza sirini?

Nikawaita wamama wa kwaya waje kujaribu sare. Walipojaa wote, na Chantal amesimama mlangoni, Ester akainuka. Mdomo wote ule ulikuwa umekauka.

"Chantal, nilikucheka mbele ya bano bamama, na nikagusa kwenu. Mbele yabo nakuomba pardon."

Chantal akaingia, akakunjua tepu yake. Kisha akamgeukia kiongozi wa kwaya: "Mama, simama muzuri nikupime."

Jumamosi walipendeza, nawaambieni!

Hata nyumbani ni vilevile. Mume wangu nikimkosoa chumbani ananisikiliza. Nikimkosoa mbele ya ndugu zake, neno lilelile linaleta vita ya wiki nzima. Kwa hiyo ukiona ugomvi umewaka ghafla, kazini au kwenye ndoa, uliza kwanza nani alikuwa anasikiliza.

Nyie wenzangu, kwenu ni nini huwasha moto? Andikeni, nasoma huku nashona.

Ester bado ana mdomo wake. Ila siku hizi akiona kosa anaacha mashine, anamwinamia Chantal sikioni, na wanacheka wawili. Mimi mwenye atelier sijui wanacheka nini.