Nyusi za Kasyoka

Kaluki alipofunuliwa uso wa rafiki yake mochari asubuhi ile, alidhani wamepewa maiti ya watu wengine. Ikabidi atazame mikono. Alipoliona kovu la kuungua jikoni kwenye kidole gumba ndipo akakubali kwamba ni Kasyoka kweli, na hasira zikampanda papo hapo. Akina mama wa jumuiya waliokuja naye kumvisha marehemu wakasogea kando kidogo, maana walimfahamu.

Uso ule ulikuwa na nyusi nene, nyeusi ti, na kope za kubandika zilizolala hadi kwenye mashavu. Kasyoka hakuwa na nyusi. Hakuwa nazo tangu miaka ya tisini, na Kaluki alijua vizuri sana kwa sababu ndiye aliyezinyoa.

Urembo walikuwa wameuanza pamoja, wasichana wa Kangundo, katika miaka ya themanini. Wanja wao ulikuwa penseli moja ya kugawana, wakiichoma kidogo kwa kiberiti ili ilainike. Baadaye ikaja rangi ya buluu. Waliipaka kuanzia kwenye kope mpaka juu kabisa, wakaenda nayo misa ya Pasaka, na katekista akawauliza mbele ya watu ni nani aliyewapiga. Kasyoka alicheka mpaka akatoka nje. Kaluki alitaka kumrukia yule mzee, na hata leo ukimtaja anatema mate.

Kisha nyusi zikawa mzigo. Kila mwanamke aliyejiona mjanja alizinyoa kwa wembe, akachora mstari mwembamba kama uzi. Za wengine ziliota tena. Za Kasyoka zilikataa kabisa. Kaluki alifungua saluni Mumbuni, na mitindo ikapita mbele yake: maskara, rangi za kumetameta, halafu wasichana wakaanza kuzitaka tena zile nyusi ambazo mama zao walizitupa. Zilipokuja kope za kubandika alisema basi. Yeye habandiki watu mifagio machoni. Wateja wakahamia saluni ya jirani, naye akawaambia waende salama na wasirudi.

Kasyoka alibaki. Kila Ijumaa aliteremka kutoka Kangundo, akaketi kwenye kiti, akachorwa uzi wake. Kaluki alichora huku akiwatukana wasichana wa siku hizi, na Kasyoka aliguna tu, macho ameyafumba. Ndiyo maana asubuhi hii Kaluki alikuwa amebeba penseli. Mwenzake angezikwa na uso wake mwenyewe.

Akauliza ni nani aliyefanya takataka hii. Mwongeli, binti wa marehemu, akajibu kwamba ni yeye. Alimleta mpambaji wake kutoka Syokimau jana jioni. Kaluki akamfungulia bomba la matusi. Alimwambia anamwonea mama yake haya, anataka picha za kuwaonyesha marafiki, na kwamba watu wa Kangundo watalipita jeneza hilo wakiuliza Kasyoka yuko wapi. Maisha yake yote mwanamke huyu alijua anachopenda, na leo hawezi kujisemea. Akachovya kitambaa majini, akainama juu ya uso.

Mwongeli akamshika mkono. Hakuushika kwa nguvu, lakini hakuuachilia.

"Anti, ni mama alizitaka," akasema. "Aliona zangu Krismasi, akaniambia siku moja nimpeleke awekewe nyusi na kope kama hizi. Tungeenda Aprili."

"Uongo. Angeniambia mimi."

"Alikuwa anakuogopa, Anti. Alisema ukijua utamfukuza kama wale wengine, na yeye hana rafiki mwingine."

Kitambaa kilidondosha maji sakafuni. Akina mama walijifanya wanakunja leso. Kaluki akazikumbuka zile Ijumaa, Kasyoka akiguna huku yeye anabwata, na kwa mara ya kwanza akajiuliza ule mguno ulikuwa unasema nini. Ilimchoma. Hasira haikuisha hata kidogo. Ilihama tu, ikamwacha binti, ikamwendea mama aliyelala pale, asiyeweza tena kujitetea.

"Kasyoka," akasema. "Miaka yote hiyo mimi naongea. Si ungeniambia tu ninyamaze."

Akamkodolea macho kama mtu anayesubiri jibu. Kisha akaweka kitambaa chini, akajifuta pua kwa kiganja, akainama tena karibu sana.

"Lete hiyo gundi ya kope," akamfokea Mwongeli. "Huyo mtu wako hajui kazi. Hii kope ya kushoto imekaa upande."