Siku Niliyomsifu Mjukuu Wangu Kupita Kiasi

Nimekuwa mzee wa kanisa tangu nikiwa na meno yangu yote, na jambo moja nililolelewa nalo lilikuwa limeniingia mpaka mfupani: ukiulizwa habari, jibu ni nzuri. Hata nyumba ikiungua nyuma yako, utasema nzuri kwanza, Mungu asifiwe, ndipo uombe ndoo ya maji. Kwetu Lubumbashi hakuna aliyeuliza habari akitaka kupewa habari.

Kwa adabu hiyo nilikaribia kumkosesha mjukuu wangu shule.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Niliishi Etterbeek, huko Ubelgiji, kwa binti yangu, ghorofa ya tatu, pamoja na mumewe aliyefanya kazi ya zamu katika kiwanda cha magari huko Forest, na mtoto wao wa kike wa miaka saba. Mtoto alikula vyeupe tu: wali, mkate, bukari, yaani ugali wetu, ambayo haijaguswa na mchuzi. Kengele ya mlango ikilia, alipiga mayowe mpaka jirani wa chini agonge dari kwa mpini wa ufagio, na ufagio nao ulizidisha mayowe. Kilichomtuliza kilikuwa kimoja tu: kuketi ndani ya bafu, lile sinki refu la kuogea, likiwa kavu, na mimi humo pamoja naye. Nimesali sana ndani ya bafu lile, tai shingoni, magoti yakigusa kidevu.

Neno usonji sikulijua wakati ule. Kanisani wengine walisema ni pepo. Wengine, kwa upole zaidi, walisema ni kwa sababu mama yake anafanya kazi mno. Shule ikasema haimwezi. Daktari akatupeleka kwenye kituo kimoja karibu na Porte de Namur, walikochunguza watoto wa namna hiyo. Wakiandika ripoti kwamba anahitaji msaada, angepata kiti katika darasa la watoto sita, huko Forest, kwa mwalimu aliyeisomea kazi hiyo. Wasipoandika, angebaki nyumbani na mimi na bafu.

Alitupokea mama mmoja wa Kibelgiji, miwani yake ikining'inia kwenye uzi. Alipouliza swali la kwanza, binti yangu alifungua kinywa, lakini mkubwa pale nilikuwa mimi, nikajibu.

"Analala vizuri?"

"Kama malaika, madame."

"Anakula?"

"Kila ambacho Mungu anatujalia."

"Na watoto wenzake?"

"Hana ugomvi na mtu." Hilo lilikuwa kweli. Hakuwa na wa kugombana naye.

Kwa bahati mbaya mtoto alikuwa ametulia siku hiyo, amelala chali chini ya meza. Madame akafunga faili. "Basi, monsieur, sioni shida kubwa hapa."

"Mungu asifiwe," nikasema, nikasimama kumpa mkono.

Tulipofika kwenye ngazi za metro, binti yangu, ambaye hakuwahi kunipazia sauti maishani mwake, alisimama.

"Papa, ni malaika gani analala masaa mbili?"

"Ulitaka nimseme mtoto vibaya mbele ya mgeni?"

"Bon! Sasa tutamupeleka wapi? Banatufungia mulango ya masomo juu ya adabu yako!"

Mama mmoja aliyekuwa akitoka Matonge, mtaa wa Wakongo, na mfuko wa mihogo akasimama kutusikiliza, akatikisa kichwa. "Papa, mutoto yako iko na haki."

"Hata hujui tunasema nini," nikamwambia.

"Sijui. Lakini namuona vile analia. Iko na haki."

Binti yangu aliomba miadi nyingine, tukapewa baada ya wiki tatu. Wiki hizo niliziombea, ndani ya bafu. Kumhesabia mtoto kasoro zake mbele ya mtu wa ofisi kulionekana kwangu sawa na kumrudishia Mungu zawadi yake na kumwambia imefika imepasuka. Hata hivyo nilimwahidi binti yangu kwamba nitasema kweli. Tatizo ni kwamba kinywa cha mzee ni kama baiskeli ya mzee, kinakwenda kilikozoea.

"Tuanze upya," madame akasema. "Analala vizuri?"

"Si vibaya, mada—"

"Nkambo anasema uongo," ikasema sauti kutoka chini ya meza, kwa Kifaransa safi.

Nkambo, kwetu Katanga, ni babu. Na ni mimi niliyemfundisha, katika darasa la Jumapili, kwamba uongo ni dhambi. Kati ya watoto ishirini wa darasa lile, ndiye peke yake aliyeniamini.

"Silali," akaendelea. "Nilimwuma papa. Nilitupa saa ya nkambo chooni. Nkambo anakaa kwenye bafu na viatu."

Madame alivaa miwani yake. "Kwenye bafu, monsieur?"

"Likiwa kavu," nikasema.

Baada ya hapo sikuweza tena kujizuia. Nilisema karibu saa nzima, madame akabadilisha kalamu. Nilipofika kwenye ufagio wa jirani alicheka mpaka miwani ikaanguka, na binti yangu naye akacheka, mara ya kwanza tangu Krismasi. Kisha madame akatueleza: si pepo, wala si kosa la mama. Ndivyo ubongo wake ulivyo, sauti zinamwingia kwa nguvu kuliko sisi. Watafiti walikuwa bado wanatafuta chanzo, ila walikwisha kuona kwamba mara nyingi hali hii hujirudia katika ukoo mmoja.

"Kwenu yupo mwingine aliyekuwa hivi?"

Neno "hakuna" lilikuwa tayari ulimini. Chini ya meza kulikuwa kimya, kimya cha mtu anayesikiliza.

Nikasema nilikuwa na kaka. Hakuzungumza, na alitembea akigusa kila ukuta. Wageni wakija, baba alimfungia chumba cha nyuma, nasi watoto tulifundishwa kusema amesafiri Kolwezi. Alifia katika chumba hicho, nikiwa mbali, kwenye shule ya Biblia.

"Ile tonton wa Kolwezi, ndugu yako?" binti yangu akauliza polepole.

"Hakuwahi kufika Kolwezi."

Madame aliandika, akangoja nimalize kupangusa macho, akasema ripoti itatoka wiki hiyohiyo, na kwamba darasa la Forest lingekuwa na kiti baada ya Pasaka. Binti yangu alinishika mkono chini ya meza, karibu amkanyage mwanawe.

Tukavaa makoti. Madame aliinama kumuaga mtoto. "Nimefurahi sana kukufahamu."

"Mimi hapana," mtoto akajibu, akivuta zipu yake.

Nilifungua kinywa nimwombee radhi. Nikakifunga, nikaanza kutafuta kofia yangu.