Maji ya Ndani ya Masale

Nakumbuka tulipokuwa wadogo, enzi za Mjerumani, asubuhi za Kinole zilianza na baridi ya kung'ata masikio na harufu ya magimbi yaliyochomwa kwenye majivu. Tulikuwa watatu: mimi mkubwa, Kosmasi na Paulina. Tulikalia magome ya mgomba, tukateleza mteremko mzima, tukainuka na matope mpaka kwenye nyusi. Watoto wa leo wakichubuka goti, nyumba nzima inaamka.

Chemchemi ilikuwa juu ya shamba letu, ndani ya kijisitu cha ukoo. Kwetu Waluguru ardhi hufuata mama, na kijisitu kile kilikuwa cha mama yetu, kama kilivyokuwa cha bibi. Tulikwenda na kibuyu kimoja, tukisukumana nani anywe kwanza. Mama alipanda masale, mimea ya kuwekea mpaka, kuizunguka ile miti, na akituona tumekaribia na jembe alisema, "Jembe lisivuke masale. Mkiumaliza msitu, mtakunywa nini?"

Ndui ikamchukua. Baba alikuwa ameshafuata wapagazi kwa njia ya Kisaki, hakurudi. Tulimzika mama mle mle, karibu na maji, walipolala wazee wake. Nikaacha shule ya misheni ndiyo kwanza naunganisha herufi, nikashika jembe.

Kisha ikapanda habari kutoka sokoni Mkuyuni: Mzungu wa misitu anakuja kuweka mpaka. Penye miti patakuwa pa serikali, hakuna kulima wala kuingia. Penye shamba patabaki pa wenyewe. Mlima mzima ukanuka moshi. Watu walifyeka vijisitu vyao, hata vyenye makaburi, wakachomeka mihogo kwenye majivu ya moto ili Mzungu akute shamba.

Bi Zaina, jirani yetu, alisimama na shoka begani akanicheka. "We binti, wenzio wanakata, wewe unaipigia miti hodi? Huyo Mzungu akija utampa shikamoo na shamba juu yake."

Jioni akaja mjomba, mkubwa wa ukoo. "Mpwa wangu, mimi pia nimekata kwangu. Wadogo zako wanataka kula."

"Mjomba, mama yuko mle."

Akaliinua shoka alilokuja nalo, akaondoka.

Mzungu alipofika aliona miti, akaweka mawe ya mpaka chini zaidi ya masale, katikati ya shamba letu. Kijisitu kikaenda, na nusu ya shamba ikaenda nacho. Kosmasi alinitazama. "Dada, sasa tutakula maji?"

Kilichobaki hakikutosha vinywa vitatu. Kosmasi alipopata nguvu alishuka Morogoro kufuata kazi ya reli, akaendelea nayo kila ilipokwenda. Paulina aliolewa mbali. Mimi nilibaki, maana lazima mtu wa mama abaki kwenye ardhi ya mama, hata kama ni kipande.

Chemchemi ya Bi Zaina ilikauka kiangazi kilichofuata, na ya mjomba baada yake. Wakaja wote kuteka kwetu, pale maji yanapotoka msituni na kupita chini ya jiwe la mpaka. Bi Zaina hakucheka tena. Alisema tu, "Nipishe, mwanangu," akainama, tukateka. Kaburi lilikuwa juu yetu, umbali wa kuita mtu akaitika, na hakuna aliyeruhusiwa kupanda.

Siku hizi vijana wa Kinole wanateka palepale, wanalalamika maji yana baridi mno. Hawajui ni miti ya nani inayoyaleta, na sijawaambia. Wakishaondoka, nami huinama na kibuyu changu. Zamani mpaka kijae tulikuwa tumelowana wote watatu. Sasa kinajaa upesi, nami hungoja kidogo kabla ya kunywa, kama vile kuna mtu atanisukuma.