Fundi Aliyepima Ardhi kwa Kisigino

Amekufa fundi aliyejenga nyumba ya baba yangu, na tangu habari zienee watu watatu wamenipigia simu kuniomba niandike jambo zuri juu yake. Nimejaribu, wasomaji wangu, nimejaribu kweli. Nimemaliza birika zima la chai nikilitafuta hilo jambo zuri, na nimelipata moja tu: alikuwa na viatu safi. Katika matope yetu ya Kericho, ambako hata mchungaji hupanda madhabahuni na udongo mwekundu mpaka kwenye soksi, yeye alivaa viatu vyeusi vinavyong'aa, vyenye kisigino kigumu, na kazi ya kisigino hicho nitawaeleza sasa hivi. Najua kwamba maiti hasemwi. Lakini nyumba zake bado zimesimama, nyingine zimesimama upande, na watu wenye watoto wanalala ndani yake. Kwa hiyo mniwie radhi, leo maiti atasemwa.

Kwa wasiomjua, alikuwa kontrakta. Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, kila mwenye shamba la chai alipoanza kuionea aibu nyumba ya udongo, yeye ndiye aliyeitwa, kuanzia Kiptere mpaka Sotik. Ofisi yake ilikuwa meza ya pembeni katika hoteli moja pale Sotik. Ramani hakuwa nayo. Aliichora kwa kidole katika chai iliyomwagika mezani, mhudumu akaja na kitambaa akaifuta, na kazi ikaanza hivyo hivyo. Ukimpeleka kwenye kiwanja alikuwa akitembea hatua chache, anasimama, anapiga kisigino chini mara tatu, kisha anasema, "Hapa ni jiwe." Huo ndio uliokuwa upimaji wake wa ardhi. Mimi sijawahi kumwona akipiga kisigino akasema hapa si jiwe. Kwa fundi yule nchi nzima ilikuwa jiwe, hata kwenye chemchemi ya ng'ombe.

Sasa, ili muelewe alichotufanyia, lazima niwaambie ugonjwa wetu. Sisi watu wa chai tunaishi kwenye miteremko, na kila alasiri tunabeba vikapu vya majani mpaka kituo cha kupimia, tunakaa hapo tukingoja lori. Lori likichelewa, na huchelewa, kazi inabaki moja: kutazama nyumba za watu ng'ambo ya bonde. "Hii ya nani? Ameweka mabati ya rangi? Na ile imeishia kwenye madirisha, pesa zimekwisha?" Basi kila nyumba kwetu hujengwa kwa ajili ya macho ya wale wanaongoja lori. Baba yangu alikuwa na mahali pazuri nyuma ya mikaratusi, tambarare, pagumu, ambapo bibi yangu alikuwa na nyumba yake ya udongo miaka mingi. Hakupataka. Alimpeleka fundi ukingoni kabisa mwa mteremko na kumwambia, "Nataka mtu akisimama kule kituoni aione yote, mlango mpaka mabati." Fundi akapiga kisigino chake mara tatu. "Mzee," akasema, "hii itaonekana mpaka Bomet."

Mteremko hauna mahali pa kuweka nyumba, kwa hiyo wakatengeneza. Walichimba upande wa juu, udongo wakautupa upande wa chini, wakausawazisha, wakaukanyagakanyaga kwa miguu na kupitisha ng'ombe mara mbili, na hapo wakapaita kiwanja. Miongoni mwa vibarua wa kuchonga mawe alikuwapo mzee mmoja kutoka Kisii, mwashi aliyekuwa amejenga nyumba za wafanyakazi katika shamba kubwa la chai kwa muda mrefu. Huyo hakuwa na viatu vya kung'aa. Alichukua mtaimbo akaupiga upande wa juu, ukalia na kuruka mkononi. Akaenda upande wa chini, akausukuma kwa mkono mmoja tu, na mtaimbo ukazama mpaka ngumi yake ikagusa udongo. "Mzee, naomba kusema," akamwambia baba. "Huku juu ni mlima. Huku chini ni kazi ya beleshi. Hii nyumba itakaa juu ya viti viwili, na kimoja kinazama." Akasema kuna njia mbili. Ama msingi wa upande wa chini uchimbwe ngazi kwa ngazi, upite udongo wote wa kuletwa mpaka ufike ule wa asili, ama nyumba irudishwe nyuma kwenye ardhi ngumu. Na popote itakapokaa, ifungwe mkanda wa konkriti na nondo juu ya madirisha, kuta zishikane, na nyuma kuchimbwe mfereji maji ya mlimani yasiingie chini yake.

Fundi wetu alicheka mpaka akashika kiuno. "Huyu amezoea kujenga kambi," akasema. "Hizo ni nyumba za wachumaji. Hii ni ya mwenye chai!" Vibarua wakacheka. Baba akacheka. Na mimi, niliyekuwa nimekuja likizo na masomo yangu yote, nikiwa nimeuona mtaimbo ukizama kwa macho yangu mawili, nilicheka pia, tena kwa sauti. Aibu hiyo ninayo mpaka leo, na nyingine nitaiongeza: ni mimi niliyetaka madirisha mawili makubwa kwenye kona ya chini, moja kila upande, ili chumba cha wazazi kipate mwangaza. Kona ikabaki na ukuta mwembamba, na juu yake paa, na chini yake udongo wa beleshi. Mzee wa Kisii aliambiwa achukue nyundo yake aende, naye akaenda.

Nyumba ilikwisha kabla ya mvua. Simiti ya juu ya madirisha haikumwagiwa maji hata siku mbili, mbao zake ziling'olewa ingali mbichi kwa sababu zilikuwa zinangojwa kwingine. Lakini veranda! Veranda ilikuwa na nguzo nne za duara zisizobeba kitu chochote, zimepakwa rangi nyeupe. Siku ya kuifungua watu walisali, wakanywa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, wakapiga picha wakiwa wameegemea nguzo. Mwaka wa pili ufa ukaonekana, mwembamba kama uzi, ukishuka kutoka kona ya dirisha langu. Mama ndiye aliyeuona. Mama yangu hajui kusoma nondo wala ramani, lakini alichukua njiti ya kiberiti akaichomeka katika ule ufa ikakaa imara. Baada ya wiki chache akaikuta sakafuni. Akachomeka mbili. Nazo zikaanguka. Alipofikia mpini wa kijiko alimwita fundi, naye akaja na viatu vyake na mfuko wa simiti, akapaka, akapiga rangi. "Nyumba inakaa tu, mama," akasema. "Hata kiti kipya hulia ukikikalia." Wenye methali hutuambia tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta. Yeye alikuwa akiuziba ili asijenge ukuta. Alikuja mara tatu, na mara zote tatu baba alimshukuru.

Zikaja zile mvua za El Nino ambazo kila mtu wa huku anazikumbuka. Maji yakawa yanatoka mlimani na kuingia nyuma ya nyumba, kwa sababu mfereji ni kitu cha watu wa kambi. Mlango wa chumba cha chini, walimolala wazazi wangu, ukakataa kufungwa. Mama akasema wahame. Baba akasema hahami. "Nihame nyumba ya mawe niende wapi, jikoni? Watu kule kituoni watasema nini?" Mnasikia hayo? Ukuta unaachana na ukuta, na mtu mzima anaogopa wenye vikapu. Mama hakubishana naye. Alingoja baba aende kupeleka maziwa, akaita wanawake wawili wa jirani, wakabeba kitanda, godoro na blanketi mpaka jiko lake la udongo, ambalo lilikuwa kule nyuma ya mikaratusi. Baba aliporudi alipiga kelele sana. Lakini hakuna mtu anayeweza kulala juu ya msimamo wake. Akakifuata kitanda.

Siku ya nne, asubuhi, mama akiwa anakamua, kona ya chini ilishuka. Aliniambia haikuanguka kwa kishindo. Ilikaa chini, kama mtu aliyechoka. Madirisha yangu mawili yalipasuka, ukuta ukalala ndani, na mawe yakajaa pale pale kilipokuwa kitanda. Nguzo nne za veranda zilibaki zimesimama, nyeupe, zikitazama kituo. Hakuna aliyekufa, na hilo si kwa hisani ya fundi wala ya baba wala ya mwanawe msomi. Ni njiti za kiberiti na wanawake watatu. Na baba, baba yangu mpenzi, alisema nini? "Ni mvua." Alisema hivyo kwa jirani, kwa mchungaji, kwa kila aliyeuliza. Fundi naye alisema ni mvua, akaenda zake Sotik kumchorea mwingine nyumba katika chai.

Hili ndilo linalonichefua kuliko yule mtu mwenyewe. Bibi yangu, aliyejenga kwa miti na udongo, alikuwa akichimba shimo la nguzo mpaka udongo ubadilike rangi. Kabla haujabadilika hakuna aliyethubutu kusimamisha mti. Alichagua mahali pa juu penye ukavu, akachimba njia ya maji kwanza, nyumba baadaye. Tulikuwa na akili hiyo tukiwa maskini. Tulipopata mawe tukadhani jiwe halihitaji kukanyaga kitu. Kila kinachoonekana tunakinunua kwa pupa, rangi, vigae, nguzo za urembo, na kila kinachozikwa tunakibania: msingi, nondo, mfereji. Kisha tunashangaa. Fundi wa namna ile hakuletwa na pepo. Tulimwita wenyewe na tulimlisha.

Nilikwenda kuzika. Nyumbani kwake ni mbali kidogo, huko upande wa Kabianga, ndani kabisa, na wateja wake hawakuwahi kufika kwa sababu siku zote alikutana nao hotelini. Mahema yalijaa. Mmoja baada ya mwingine walishika kipaza sauti wakasema alitutoa gizani, alitujenga. Baba yangu naye alisimama na koti lake la kanisani, mtu anayelala jikoni, akasema, "Alinijengea nyumba ambayo watu waliitazama." Niliinamisha kichwa. Halafu shughuli ikakwama, kwa sababu wachimba kaburi walikuwa wamefika kiunoni tu na kugonga mwamba. Ilibidi mitaimbo itafutwe. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, chini ya kisigino cha yule mtu palikuwa jiwe kweli.

Wakati wa kungoja nilizunguka nyuma ya mahema, na hapo nikaiona nyumba yake. Ndogo. Haina veranda. Imeipa barabara mgongo na kukaa juu ya ule mwamba, nyuma yake mfereji uliojengwa kwa mawe, na juu ya madirisha, ambayo ni madogo na yako mbali na kona, mkanda wa konkriti umeizunguka nyumba yote. Mvua zile zile zilinyesha hapa pia. Nilimwita baba. Alikuja, akatazama, kisha akapitisha kiganja chake ukutani, polepole, kutoka kona moja hadi nyingine, akitafuta ufa. Hakupata hata wa kuingia njiti.

"Nani alijenga hii?" akauliza.

"Mimi, mzee," akajibu mtu nyuma yetu. Ni yule mzee wa Kisii, amezeeka, kofia mkononi. Alikuwa amekuja kuzika kama sisi.

"Lini?"

"Ile wiki mlinifukuza. Alinifuata kambini mwenyewe, na vile viatu vyake. Akaniambia, 'Nijengee vile ulisema kwa yule mzee.'"

Baba alisimama na kiganja chake bado kiko ukutani. "Kumbe alikusikia," akasema.

"Alinisikia kushinda nyinyi wote."

Basi hilo ndilo jambo zuri nililoombwa niandike: marehemu hakuwa mjinga. Mjinga ningemsamehe leo hii. Alijua mlima ni upi na beleshi ni ipi, akachukua ukweli akaenda kuulalia na watoto wake, akatuachia sisi kicheko. Baba hakungoja kaburi lifukiwe. Asubuhi iliyofuata nilimkuta nyuma ya mikaratusi akiupiga mtaimbo ardhini na kuinamisha sikio, naye mama, mlangoni pa jiko lake, anamwambia, "Hapo bado. Rudi nyuma kidogo." Nanyi wasomaji wangu, mkimtafuta fundi msimuulize amejenga wapi. Muulizeni analala wapi, kisha mwende huko na mtaimbo.