Macho Makavu ya Mama Hilary

"Mpunga ndio huanikwa juani. Mimi sisubiri kukobolewa." Hivyo ndivyo Levina alivyowajibu waliomcheka, na waliomcheka walikuwa wengi.

Jua la Ifakara mwezi wa Januari halina adabu. Mvua inanyesha alfajiri, mawingu yanaondoka, halafu jua linatoka limeoga, lina nguvu mpya. La juu unaweza kulikwepa ukiinamisha kichwa. Lakini mwenye kupandikiza mpunga kichwa ameshainamisha, na maji ya jaruba yanalirudisha jua kutoka chini, linampiga kidevuni, puani na machoni. Wanawake wa bondeni huzeeka uso kabla ya miguu. Ukiwauliza wanasema ni shida za ndoa. Ndoa inasingiziwa mengi.

Levina, ambaye mtaani wanamwita Mama Hilary kwa jina la mwanawe, alikuwa fundi cherehani masika na kiangazi, na mkulima wa mpunga msimu wa mpunga. Kwa hiyo alipoamua kujikinga hakujikinga kimaskini. Alinunua kofia ya ukindu yenye ukingo mpana kama ungo mdogo. Akaishika juu ya uso, akaona jua linamchungulia katikati ya ukili, akasema hii ni chujio, siyo kofia. Akaitia bitana ya kitenge cha bluu chenye ndege wa njano. Nyuma akashonea pazia la pamba lililofika mabegani, maana shingo nayo ni ngozi ingawa haina kioo cha kujitazama. Akaweka kamba ya kufungia kidevuni. Kitenge kilichobaki akakishona mikono ya kuvaa, ya kupachika juu ya blauzi yoyote, lastiki juu ya kiwiko, marinda kwenye kifundo. Ukimwona kwenye tuta la jaruba, ungedhani kuna harusi na yeye ndiye aliyepotea njia.

Na miwani. Miwani ya kahawia, mipana hadi pembeni mwa macho, imefungwa uzi wa shanga shingoni isije ikamezwa na tope. Hakuiokota popote. Aliinunua kwa fundi wa macho, kwa sababu alishaambiwa kwamba weusi wa kioo peke yake si dawa. Kioo cha giza kisichozuia mionzi kinaidanganya mboni. Inafunguka wazi kama mlango wa nyumba yenye msiba, kila kitu kinaingia.

Rafiki yake Brigitha, aliyelima naye tangu watoto wao wananyonya, alikuwa wa kwanza kupiga kelele.

"Jamani, mlina asali anapita! Mama Hilary, mzinga uko wapi?"

"Uko mdomoni mwako. Ndiyo maana nyuki hawakai ndani."

"Na hiyo miwani? Unamficha nani?"

"Nakuficha wewe. Nikikutazama moja kwa moja naumwa kichwa."

Wangeweza kuendelea hivyo hadi magharibi. Lakini Brigitha alijua vizuri miwani ile ilitoka wapi, maana ndiye aliyemsindikiza hospitali mwaka uliopita.

Jicho la kulia la Levina lilikuwa limeota kinyama. Kilianza kama uwekundu pembeni, karibu na pua, kikawa kinatambaa juu ya weupe wa jicho kuelekea kwenye mboni, taratibu kama mtu anayehamisha mpaka wa shamba. Levina alidhani ni moshi. Kila kitu cha jicho bondeni ni moshi. Daktari, kijana mpole, alimwangalia kwa taa yake, akasema:

"Mama, una macho makavu sana."

Levina akasimama wima.

"Mimi? Daktari, nimeingia hapa nimekusalimia. Nimekaa kwenye foleni tangu asubuhi, sijamruka mtu. Leo unaniita mkavu wa macho? Nimekukosea heshima wapi?"

Nesi alicheka hadi akashika ukuta. Daktari naye ilibidi avue miwani yake afute machozi, yeye aliyekuwa nayo ya kutosha. Akaeleza kwamba hakumtukana. Machozi ya kulainisha jicho hayamtoshi, na jua, upepo na vumbi vimelikausha hadi likajiotea nyama. Wakakikata kile kinyama. Siku ya kumruhusu alimwambia neno ambalo Levina hakulisahau.

"Hiki kina tabia ya kurudi. Usipojikinga na jua kinarudi na hasira. Kikifika kwenye mboni, tundu la sindano hutaliona."

Sindano ndiyo iliyomsomesha Hilary. Tangu siku ile Levina hakwenda juani macho wazi, na asiyependa alimshauri afumbe yake.

Sasa Hilary alikuwa mtu mzima, fundi wa pawatila, yale matrekta madogo ya mkono, na alikuwa amemwona Edna, binti wa Mzee Anselim wa Mchombe. Posa ilishapelekwa na mshenga, mzee mmoja mwenye maneno matamu anayeitwa Zakayo. Ilipokewa vizuri. Wazazi wenyewe walikuwa hawajaonana bado. Kilichobaki kilikuwa jibu.

Wiki hiyo ya kusubiri jibu, Levina na Brigitha walikwenda Mchombe kutazama shamba la kukodi. Wakawa wanapita juu ya tuta jembamba, maji huku na huku, upepo unavuta kofia. Mbele yao akatokea mzee amebeba jembe begani. Tuta halina mahali pa kupishana, unapita ubavu kwa ubavu. Levina akashika kofia kwa mkono mmoja, akajibana, akasema, "Shikamoo baba," huku mguu umeshanyanyuka kwenda.

Mzee alisimama. Alitazama kwenye vile vioo vya kahawia, na alichokiona ni yeye mwenyewe, wawili, kila mmoja na jembe lake. Macho ya anayemwamkia hakuyaona. Hakujibu kitu.

"Umenyimwa marahaba!" Brigitha akanong'ona, kwa ule mnong'ono wake unaosikika hadi kituo cha treni.

"Labda kinyama chake kimeota masikioni," Levina akasema, wakacheka, wakaendelea.

Siku ya pili yake Zakayo alikuja barazani kwa Levina, akakaa, akakataa chai. Mshenga akikataa chai, jua kuna msiba.

"Mama Hilary, jana ulipita Mchombe?"

"Nilipita."

"Ulimwamkia mzee kwenye tuta?"

Mguu wa Levina ukaacha kukanyaga cherehani.

"Yule ndiye Mzee Anselim," Zakayo akasema. "Na masikio yake ni mazima kabisa. Anasema binti yake haendi kwenye nyumba ambayo mama mkwe anamwamkia mkubwa kwa miwani nyeusi, halafu anamkejeli. Amesema, nami nanukuu maneno yake, 'Mwanamke yule ana macho makavu.'"

Siku nyingine Levina angecheka. Siku hiyo alimtazama Hilary aliyekuwa amesimama mlangoni, spana mkononi.

"Anataka nini?" akauliza.

"Faini. Uje shambani kwake Jumamosi, siku ya kupandikiza, urudie salamu mbele ya majirani. Halafu upandikize nao hadi jioni. Bila miwani, bila hilo dude la kichwani. Akuone uso."

"Mama, vua tu," Hilary akasema kwa sauti ndogo. "Ni siku moja."

"Jua nalo linajua kwamba ni siku moja?" Levina akamjibu, lakini bila ukali. Kijana wake hakuwa ameomba kitu kikubwa tangu akiwa mdogo. Na yeye kwa upande wake alikuwa amekosa. Salamu ya kupita huku mguu uko hewani si salamu, na lile la masikio lilikuwa limemponyoka. Deni la mdomo lilipwe na mdomo. Jicho lilikuwa halimo.

"Mwambie mzee nitakuja," akamwambia Zakayo. "Na salamu nitampa bila miwani. Hayo mengine tutayakuta hukohuko."

Jumamosi Levina alivaa kila kitu. Ndege wa njano, marinda, uzi wa shanga. Brigitha alipomwona alishika kichwa. "Unakwenda kuomba msamaha au kupigwa picha?" Levina alikuwa ameshaingiza kofia nyingine kwenye kikapu, mpya, aliyomshonea Edna kabla mambo hayajaharibika.

Walipofika, Mzee Anselim alikuwa amesimama katikati ya uwanda, juani, mikono nyuma. Majirani waliokuwa wameinama kwenye jaruba waliinuka wote pamoja, miche mikononi. Zakayo alikohoa kikohozi cha kazi yake.

"Haya," mzee akasema. "Salamu."

Levina akampita. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye dungu, kile kibanda cha miguu mirefu ambacho watu wa bondeni hujenga shambani, akaingia chini yake palipokuwa na kivuli, jiko la mafiga matatu, na mke wa mzee, Mama Sikitu, akikoroga uji wa wapandikizaji. Akageuka.

"Baba, samahani. Hapa kwenu mgeni anasalimiwa juani?"

Mzee alitazama jua, akatazama dungu.

"Kwetu sisi," Levina akaendelea, kwa sauti ya kuwafikia walioko mbali, "mgeni hukaribishwa kivulini kwanza, akapewa pa kukaa, ndipo salamu. Hata mbuzi wa posa hafungwi juani. Mimi nimekuja kukuamkia wewe, siyo jua. Nakusubiri hapa."

Mtu mmoja kwenye jaruba alicheka, akajifanya anapiga chafya.

"Anselim!" Mama Sikitu akaita, mwiko mkononi. "Mama wa watu amesema kweli. Umemsimamisha mkwe juani kama sanamu ya kufukuzia ndege. Njoo upokee wageni."

Mzee alikuja. Alikuja polepole, kwa heshima ya umri wake, lakini alikuja. Alipoingia kivulini, Levina akafungua kamba ya kidevuni akavua kofia. Akavua miwani ikaning'inia kifuani. Akapiga goti vizuri, mikono yote miwili mbele.

"Shikamoo, baba. Na lile la masikio naomba unisamehe. Lilikuwa la mdomo, halikutoka moyoni."

Mwanga uliorushwa na maji uliingia hadi chini ya dungu na kumpata machoni. Jicho la kulia likajaa, likamwaga shavuni.

Mzee akaduwaa. Alikuwa amejiandaa kukutana na kiburi.

"Nilisema una macho makavu," akasema. "Mbona unalia?"

"Silii, baba. Ni makavu kweli, hata daktari aliyapima akayakuta hivyohivyo. Jicho kavu likipigwa na mwanga ndivyo linavyojitetea, linamwaga machozi yasiyosaidia." Akavuta kope la chini kwa kidole. "Hapa ndipo walipokata kinyama. Jua likiendelea kunipata kinarudi. Sivai miwani kwa kumdharau mtu. Navaa ili mke wa mwanangu akizaa, nimwone mjukuu."

"Mkewe ndiye binti yangu," mzee akarekebisha.

"Bado hujasema," Levina akajibu.

Zakayo akageukia pembeni kuficha meno yake. Lakini mzee alikuwa hasikii tena. Alikuwa ameinama, anaangalia kovu lile dogo jekundu karibu na pua, kisha akamtazama mke wake.

"Mama Sikitu. Hebu njoo hapa."

Mama Sikitu akasogea, na Levina hakuhitaji taa ya daktari. Macho yote mawili. La kushoto kinyama kilishakaribia mboni.

"Huu ni moshi tu, mama," Mama Sikitu akasema.

"Moshi unawasha, haupandi nyama. Mimi si daktari, mama yangu, lakini nenda ukaangaliwe. Mimi nilichelewa kwa kusingizia moshi."

Mzee Anselim akamgeukia Levina. Kisha akasema, kama mtu anayetua mzigo, "Marahaba. Marahaba, mzazi mwenzangu."

Nje ya dungu mtu akapiga kigelegele. Kilikuwa cha Brigitha, nani mwingine.

Zakayo, ambaye mkate wake ni kupatanisha, aliona mlango uko wazi akaingia na miguu yote. Akatangaza kwamba makosa ni mawili, basi na faini ni mbili. Mama Hilary alimwamkia mkubwa huku anapita, na akayatukana masikio yasiyo na hatia. Atapandikiza hadi jioni. Mzee alimsimamisha mgeni juani. Faini yake ataitaja aliyekosewa.

Levina akatoa kofia kwenye kikapu.

"Hii nilimshonea Edna. Mama Sikitu ataivaa leo, Edna nitamshonea nyingine. Na mzee ataivaa hii yangu ya zamani, isiyo na pazia, niliyomwazima Brigitha, hiyo iliyo kichwani mwake."

"Isiyo na pazia ni yangu!" Brigitha akalalamika.

"Ni yangu. Ulisema hutaki kufanana na mlina asali, sasa unaing'ang'ania ya nini?"

Mzee aliishika ile kofia ya ukindu, akaipindua, akaupapasa ukili kwa kidole gumba. "Baba yangu alikuwa anasuka hizi," akasema. "Tulizitupa tulipopata kapelo za dukani." Akaivaa. Bitana yake ilikuwa na maua mekundu, lakini kwa nje hayakuonekana, na heshima yake ikabaki palepale.

Levina akafunga kamba kidevuni. Alipoishika miwani alisita, akamtazama mzee.

"Vaa," mzee akasema. "Umeshaniamkia. Miche inatusubiri."

Wakashuka kwenye maji, mstari mmoja, ndege wa njano katikati. Jibu la posa lilitolewa hukohuko tope likiwa magotini. Harusi baada ya mavuno, na bibi harusi aje na kofia yake. Brigitha alipandikiza mistari miwili, kisha akasogea karibu, shingo yake imeiva kama nyanya.

"Mama Hilary. Na mimi nishonee. Lakini pazia liwe refu."

"Ala!" Levina akasema, bila kuinua uso kutoka kwenye miche. "Mzinga umeuona leo?"