Mume wa Agustina Ni Mimi

Daktari alitoka na aproni yake imejaa damu, akalitazama benchi lote la wanaume waliokuwa wanasubiri, akauliza mume wa Agustina ni yupi.

Nikasimama mimi.

Mimi ni mwanamke. Nina mvi, nimejifunga kitenge, na magoti yangu ni mabovu. Wanaume wawili pale kwenye benchi wakacheka chini kwa chini.

"Mama, nimeuliza mume," daktari akasema.

"Ndiyo mimi, daktari."

Kabla hujanitukana huko kwenye maoni, tulia nikueleze. Kwetu Ukuryani kuna ndoa inaitwa nyumba ntobhu. Mwanamke ambaye nyumba yake haina mtoto wa kiume anaoa. Anatoa ng'ombe, analeta binti nyumbani, binti anazaa na mwanamume wa nje, na watoto wanakuwa wa nyumba ile. Hayo mengine unayoyawaza hayapo. Yeye ananiita mama, mimi namwita mke wangu, na maisha yanasonga.

Marehemu mume wangu Waitara aliniacha bila mtoto hata mmoja. Ndugu zake wakaanza kupita pita shambani kwangu wanapima mipaka kwa macho. Nikaona hawa watanitoa hapa nikiwa hai. Ndiyo nikaenda Machochwe, kule Serengeti, nikamuoa Agustina.

Mpole, mchapakazi, na maneno yake utadhani yanauzwa. Nilimpenda siku ile ile alipoingia jikoni kwangu na kunitoa kwenye moshi.

Sasa twende kwenye siku yenyewe.

Uchungu ulimshika asubuhi tukiwa tunachambua maharage. Hakusema kitu. Niliona tu mkono wake umesimama kwenye ungo, kisha ukaendelea, kisha ukasimama tena. Nikamwita Nyamhanga, kijana wa bodaboda wa pale jirani, tukampakia katikati mpaka kituo cha afya. Kituo gani, sisemi. Watu wa pale ni majirani zangu.

Lazima ujue kitu kimoja kuhusu sisi. Mwanamke wa Kikurya halii leba. Tangu akiwa msichana anafundishwa kwamba maumivu unayameza, na ukipiga kelele unauaibisha ukoo mzima. Kuna wanawake huku wanasemwa mpaka leo kwa sababu ya ukelele mmoja walioupiga wakati wa kujifungua.

Agustina alijifungua bila hata kuguna.

Mtoto wa kike.

Nisiwe mnafiki. Moyo ulishuka mpaka kwenye kandambili. Nilimpokea yule mtoto, nikatabasamu, lakini Agustina alikuwa ananitazama usoni na aliona kila kitu.

Mkuu wa leba pale ni Sista Eunice, mkongwe, amezalisha karibu nusu ya kata yetu na mimi namheshimu sana. Alimtazama Agustina, akamuuliza hali, Agustina akajibu hajambo, tena akamwamkia shikamoo. Eunice akasema huyu mzima kabisa, mpeni uji.

Kulikuwa na mkunga mwingine, Imelda, msichana mgeni kutoka Kagera. Alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya kuokoa mama anayevuja damu. Yeye alikuwa amemtandikia Agustina nailoni yenye mfuko, na kwenye mfuko kuna mistari ya kupimia damu. Aliinama akautazama ule mfuko, sura ikabadilika.

"Sista, damu imepita mstari."

"Mbona hata halalamiki?" Eunice akauliza.

"Hawa hawalalamiki, Sista. Ndiyo maana tunapima."

Nitamsifu Eunice mpaka nakufa kwa kile alichofanya baada ya hapo. Hakubishana. Alikuja, akauangalia mfuko mwenyewe, akasema basi vyote kwa pamoja, kama mlivyofundishwa.

Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba zamani walikuwa wanajaribu kitu kimoja, wanasubiri, kikishindwa ndiyo wanajaribu kingine, na mama anaishia hapo hapo katikati ya kusubiri. Watafiti wakalipima hilo jambo kwa wanawake wengi sana, wakaona anayepewa vyote mara moja anapona zaidi. Siku ile mimi sikujua hayo. Nilichoona ni mikono. Mmoja anasugua tumbo, mwingine anachoma sindano, dripu inaning'inizwa, Imelda anachunguza kama amechanika ndani.

Damu ikapungua. Haikukata.

Imelda akachukua kondomu, akaifunga kwenye mpira wa mkojo, akaiingiza ndani na kuijaza maji ya dripu ili ikandamize. Mimi nikadhani mtoto wa watu amerukwa na akili. Kondomu, sasa hivi? Eunice akanisukuma kando akaniambia mama, hicho ndicho kinachookoa, kaa mbali.

Tukaingia gari la wagonjwa kwenda hospitali ya mjini. Barabara ile unaijua kama umewahi kupita. Imelda alipiga magoti njia nzima, mkono mmoja tumboni kwa Agustina. Mimi nimemkumbatia mtoto, naomba Mungu wa kanisani, nikimaliza naomba na wa babu zangu, maana sikuwa na nafasi ya kuchagua.

Agustina alikuwa mweupe midomo. Kila nikimuuliza, hajambo.

Hajambo gani hiyo jamani. Nilitaka nimzabe kibao kwa ile hajambo.

Ndiyo tukafika pale nilipoanzia. Daktari Ndalahwa, Msukuma wa Shinyanga, nyuma yake madaktari vijana walio mafunzoni, na mimi nimesimama kama mume.

Alipoelewa, hakunidharau. Alinieleza taratibu kwamba mfuko wa uzazi umelegea na hautaki kubana. Atampasua. Atajaribu kwanza kuushona na kuubana kwa nyuzi. Ikishindikana, atautoa, na Agustina hatazaa tena.

Daktari kijana mmoja akasema kwa hali ile si waende kuutoa moja kwa moja, kuokoa muda. Ndalahwa akamuuliza hiyo ameisoma wapi. Kijana akaambiwa tunaanza na kinachojulikana kinasaidia, na tunajiandaa kwa kinachofuata, twende.

Simu yangu ikaita. Heche, mdogo wake marehemu.

Sijui habari zilimfikiaje. Aliniambia bila salamu kwamba nisithubutu kukubali kizazi kitolewe. Huyo binti tumemleta atuzalie mtoto wa kiume, na amezaa wa kike. Wakikitoa, atarudi kwao, na shamba tutalizungumza upya.

"Na akifa?" nikamuuliza.

"Akifa ni mipango ya Mungu, shemeji."

Nilikata simu. Nikamfuata daktari nikamwambia toa, kata, shona, fanya lolote, mradi aamke.

Akatikisa kichwa.

"Mama, mwili ni wake. Bado ana akili zake, lazima nimuulize yeye."

Akaingia. Nikabaki nje ya mlango na mtoto anayelia njaa. Nilijua Agustina atakubali. Nani akatae kuishi?

Daktari akatoka haraka.

"Amekataa. Anasema tushone tu, tusitoe. Nikianza hivyo na nyuzi zisiposhika, nitamwangalia anakufa mkononi. Mama, nenda kaongee naye, na ufanye haraka."

Ndugu zangu, wewe acha tu. Niliingia pale, nikamkuta amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, jasho limemtoka na mwili baridi kama mtungi. Nikainama mpaka sikioni.

"Agustina, kwa nini unanifanyia hivi?"

Akageuza uso kunitazama.

"Mama, ulinileta kwa ajili ya mtoto wa kiume," akasema. "Nimeona uso wako. Wakitoa, mimi nitakuwa nani kwako?"

Katika umri wangu wote sijawahi kuulizwa swali likanivua nguo namna ile. Mama mkwe si, mama mzazi si, na mume ni jina tu la kwenye ng'ombe. Nilitafuta neno kwa Kiswahili, nikatafuta kwa Kikurya, sikulipata.

"Utakuwa mtu wa kwangu," nikamwambia. "Sina mwingine. Ukifa leo, huyu nitamlea na nini, na mimi nitazikwa na nani? Na Heche nitamkabili na nani?"

Nilikuwa nalia makamasi, watu wazima wananitazama na wala sikujali. Nikamwambia mtoto wa kike anatosha. Nilipolisema nikaona kwamba ni kweli, na sikuwa nimejua mpaka wakati ule.

Agustina akafumba macho.

"Mwite daktari," akasema. "Nimekubali."

Wakamsukuma.

Sitaki kukusimulia ile subira. Nilikaa kwenye lile benchi, wale wanaume waliocheka mmoja akaenda kunitafutia chai na mwingine akanibebea mtoto. Kila mlango ukifunguka, roho inataka kutoka. Nilimchukia Heche, nikamchukia marehemu kwa kuniacha, nikajichukia na mimi kwa uso wangu kushindwa kuficha.

Ndalahwa akatoka jua limeelekea magharibi. Akavua barakoa.

Nyuzi zimeshika. Damu imekata. Kizazi hakikutolewa. Anaweza kuzaa tena akitaka, ila apumzike miaka si chini ya miwili, na siku hiyo ajifungulie hospitali kubwa, siyo kituoni na siyo nyumbani.

Nikakaa chini sakafuni kabisa.

Tukarudi nyumbani. Agustina akaanza kula, akapata rangi, mtoto akanenepa mashavu. Imelda alikuja na Eunice kumtazama, nikawachinjia jogoo, na Eunice akacheka akasema siku hizi hata mwanamke akimwimbia wimbo, kwanza anachungulia mfuko.

Kisha akaja Heche.

Alikaa, akapewa chai, akamtazama mtoto kama mtu anayetazama mvua iliyonyesha kwa jirani. Hakuuliza hata jina lake.

"Shemeji, niambie ukweli," akasema. "Kizazi kipo au kimetolewa? Kama kipo, mwaka huu huu abebe nyingine, tupate dume."

Agustina alikuwa ananyonyesha pale mlangoni. Akainamisha kichwa. Alikuwa anajua kwamba kipo, na alikuwa tayari. Heche akiagiza angebeba, na angekufa bila kuguna.

"Kimetolewa," nikasema.

Heche akaweka kikombe chini. Akatikisa kichwa, akalalamikia ng'ombe wake wa mahari, ambao hawakuwa wake, akaenda. Kwamba atamrudisha kwao hakulisema tena, maana nilimtazama na ananijua.

Agustina akasubiri mpaka amevuka geti.

"Mama, umesema uongo."

"Nimesema."

"Na wakijua?"

"Watajuaje? Hicho kitu hakina dirisha. Siku ukitaka mwingine utaniambia, nami nitawaambia ni muujiza. Usipotaka, tunaye huyu, na shamba ni lake."

Alicheka. Alicheka akashika mshono kwa maumivu, akaendelea kucheka, na mimi nikacheka mpaka mtoto akaamka.

Majina yote humu nimebadilisha, mpaka langu, na Heche hana simu ya kuingia mtandaoni. Wewe unayemfahamu, mdomo wako uwe na mlango.

Na wewe ambaye mkeo, dadako au mkweo anakaribia kujifungua, usije ukaangalia kwanza mtoto ana nini katikati ya miguu. Uliza damu imepimwa au imetazamwa tu. Ukishajibiwa, muulize na mwenye mwili wake anataka nini.