Kompyuta ya Kanisa na Ubeti wa Tatu

Mimi sina subira, na kanisa letu la Nunguni linalijua hilo. Hata hivyo lilinikabidhi kompyuta yake, kwa sababu tu siku moja walinikuta nikibadilisha wino wa printa bila kujichafua. Tangu hapo mimi ndiye mtu wa mitambo. Kila Jumapili naketi nyuma, karibu na dirisha lisilofungika vizuri, baridi ikinichoma mgongoni, nikirusha maneno ya nyimbo ukutani kwa projekta.

Maneno hayo yalimrudishia mama yangu sauti. Macho yake yalipofifia hadi kitabu cha nyimbo kikamshinda, aliacha kuongoza, akahamia benchi za pembeni na kuimba kwa kunong'ona. Herufi za ukutani ni kubwa, anaziona. Basi akina mama wakamwomba aongoze wimbo kwenye Jumapili yao ya shukrani. Wimbo wenyewe ulikuwa mpya na mrefu, na kila akijaribu kuukariri, ubeti wa pili unaingiliana na wa tatu.

"Bila ukuta siimbi," aliniambia. Nami nilijua akikwama siku hiyo mbele ya watu, hatasimama tena.

Kompyuta ikachagua wiki hiyo hiyo kujisasisha. Niliiunganisha na intaneti ya simu nipate maneno ya wimbo, nayo ikaona hiyo ndiyo nafasi yake. Jumamosi, wakati wa mazoezi, nikaiwasha. Kiduara kikaanza kuzunguka. Akina mama walikuwa wanachagua mahindi na maharagwe ya kupika isyo, chakula cha kesho baada ya ibada. Wakamaliza beseni la kwanza, wakaingia la pili, kiduara bado kinazunguka. Nikaizima, nikaiwasha tena, nikaitukana kidogo.

"Mwaitu, hii kitu imekufa," nilimwambia mama.

"Haijakufa, inaamka. Hata wewe ukienda shule ulikuwa unaamka hivyo hivyo. Wacha haraka."

Ilipoamka, nilifungua sehemu inayoonyesha programu zinazojiwasha pamoja na mashine, nikacheka hadi mama mmoja kwenye beseni akaniuliza kama niko sawa. Kanisani kwetu hakuna kundi linalokubali kuachwa nyuma. Ibada ikianza, wazee, akina mama, vijana na shule ya Jumapili lazima kila mmoja asimame atoe salamu, na ole wako usahau mmoja. Kumbe kila kundi lilikuwa limeweka programu yake humo na kuiagiza ijiwashe yenyewe, isije ikaonekana ndiyo ya mwisho. Kulikuwa na Biblia ya wazee, tenzi za akina mama, midundo ya vijana, na picha za safina za watoto. Zamani mashine ilizivumilia kwa shida. Sasisho lilipoiongezea mzigo wake lenyewe, ikalemewa kabisa.

Niliposema nitazizuia zote zisijiwashe, mwenyekiti wa wazee alikuja mbio.

"Sasa Biblia yetu umeitoa?"

"Sijaitoa, mzee. Iko, imekaa tu mpaka uiite."

"Na ya vijana?"

"Pia imekaa."

"Basi ni sawa," akasema, moyo umetulia. "Bora zote zimekaa."

Nikaiwasha upya. Nilikuwa sijaketi vizuri kitini, tayari imefunguka. Akina mama walipiga vigelegele na mimi nikacheza kidogo kati ya mabeseni, kwa furaha tupu.

Kitu ambacho hakuna aliyefikiria ni mazoea yetu. Hata kabla ya sasisho, mashine hiyo ilichukua muda wote wa salamu kuamka, na kanisa likazoea kwamba herufi zikitokea ukutani, salamu zimekwisha na ni wakati wa kuimba. Jumapili niliiwasha mwenyekiti aliposhika kipaza sauti, kama kawaida. Ikafunguka mara moja. Nami kwa papara zangu nikafungua wimbo, nihakikishe tu.

"Bwana asifiwe!" akasema mwenyekiti. "Tena Bwana asi..."

Mama alikuwa amesimama mbele na kipaza sauti chake, macho ukutani. Aliona herufi, akaanza. Sauti yake ilijaa kanisa lote, ile ile ya utoto wangu. Akina mama wakamfuata. Mwenyekiti alibaki mdomo wazi, kisha akaona heri aimbe besi.

Mimi nilisahau kazi. Nilikuwa nacheka na kulia pamoja, nikimtazama mama akiyumba kwa raha, hadi ubeti wa pili ukaisha na ukuta haujabadilika. Akanigeukia, kipaza sauti bado mdomoni.

"Wee! Geuza! Unangoja nini?"

Kanisa zima liliangua kicheko. Mashine ilikuwa tayari, aliyechelewa ni mimi. Nikageuza, na mama akaingia ubeti wa tatu bila kukosea hata neno.